Kufuli Kwenye Kona ya Dumaine

Jumatatu, 5 Mei 1919
Guesnon, kiongozi wetu, ametangaza kuwa okestra itabaki na kiti kimoja cha nyuzi. Mimi na banjo langu, au Cyprien na gitaa lake. Jumapili tutapanda wote wawili gari la matangazo, lile la nyumbu tunalopigia mitaani, kisha ataamua. Miaka minne nimempigia! Cyprien akaniuliza, eti, nina ndugu shambani wa kunipokea? Nikamjibu kwamba gitaa lake hata mbu hawalisikii.

Jumatano, 7 Mei
Dawa imepatikana. Okestra mbili zikikutana mtaani hushindana kupiga, na magurudumu ya magari hufungwa pamoja kwa mnyororo, anayezidiwa asikimbie. Basi nitachagua wa kukutana nao: okestra ya wazee wa Algiers, ng'ambo ya mto! Mpiga ngoma wao husinzia katikati ya wimbo. Gari lao nalijua, la kijani, nyumbu mweupe. Kila Jumapili saa tisa hupita kona ya Dumaine. Mbele yao nitang'aa.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeazima kufuli kwa mhunzi. Kubwa kama kiatu. Guesnon ana huruma, anaweza kuwafungua wazee mapema kabla sijasikika. Kwa hiyo ufunguo nimemkabidhi mke wangu, Odile, na kumwonya asimpe mtu. Akauliza kama nina homa.

Jumapili, 11 Mei
Saa tisa kamili. Gari la kijani, nyumbu mweupe. Niliruka chini, nikapitisha mnyororo, nikabana kufuli. Safi! Nikainua kichwa. Juu ya gari, vijana wa okestra ya Gretna, tisa, wenye vifua kama mapipa. Wazee walikuwa wamewaazimisha gari.

Mpiga tromboni wao alinishukuru sana. Akasema, "Asante, kaka, siku nyingine huwa watu wanatukimbia!"

Walitupiga kwa muziki saa nzima. Umati ukapiga makofi, si kwetu. Kisha manyunyu. Ngozi ya banjo ikalegea, kila pigo likatoa mlio wa mtu anayepiga mto wa kulalia. Guesnon, midomo imevimba kwa kupuliza, akaniambia fungua, wee Ulysse, fungua. Nikasema ufunguo uko kwa Odile. Akauliza Odile yuko wapi. Ziwani, pikiniki ya kanisa.

Cyprien akavua koti, akafunika gitaa, akaondoka mbio. Vijana wa Gretna wakapiga nyimbo kumi na moja zaidi. Aliporudi na ufunguo, Guesnon alimkumbatia mbele ya watu wote.

Jumatatu, 12 Mei
Kiti ni cha Cyprien. Hakupiga hata noti moja! Nikamwambia Guesnon kwamba hapo hakuajiri mwanamuziki, ameajiri farasi. Akajibu kwamba farasi huwa hafungi gari kwa kufuli. Odile alicheka mpaka akakaa chini. Kosa ni la wazee wa Algiers, wanaoazimisha vitu ovyo.

Alhamisi, 15 Mei
Habari njema! Meli ya dansi ya mtoni inatafuta mpiga banjo. Kiongozi wao, bwana mpole mwenye miwani, aliuliza kama nasoma muziki. Nikasema tangu utotoni. Akanipa karatasi, nikaitazama kwa makini, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akaichukua, akaigeuza juu chini, akanirudishia taratibu. Nikamweleza kwamba mimi huanza kwa kutazama kutoka mwisho. Akasema basi Jumamosi nitapiga peke yangu ukurasa wa kwanza, mbele ya nahodha.

Siku mbili nzima za kujifunza! Vidoa vyenyewe kwenye ukurasa si vingi.