Mashtaka Dhidi ya Samaki wa Amani

Nyumba ya uani kwa Mama Mkwe,
Senga, Salima.
Alhamisi, mapumziko ya mchana.

Kwa Mheshimiwa Mjomba Jailosi Makwinja,
Mshenga wa ndoa yangu na Fainess,
Nyumba ya bati jekundu karibu na kisima.

YAH: MASHTAKA DHIDI YA SAMAKI KUMI NA WANNE ULIOTUPATIA ILI TUPATANE

Mheshimiwa Mjomba,

Ninapoandika nimekunja goti moja kwa heshima yako. La pili limegoma, maana meza ya ofisi ni fupi. Nakuandikia badala ya kuja kwa miguu kwa sababu mbili. Kwanza, sikio lako la kushoto ulilimaliza ziwani, miaka kumi na tisa ya kupiga mbizi ukiwakamatia Wazungu samaki wa mapambo, na haya yangu si ya kupigiwa kelele uani huku mama mkwe anachambua mboga. Pili, mimi ni karani wa mahakama. Neno lisiloandikwa naliona kama halijavaa nguo.

Unakikumbuka kikao cha Januari. Fainess alilalamika mbele yako kwamba naandika makosa yake kwenye daftari, kwa namba na tarehe. Sikukana. Namba 12, chumvi nyingi. Namba 13, kucheka nilipojikwaa. Namba 14, kucheka tena alipomsimulia mama yake. Ukasikiliza kwa sikio lako zima, ukalichukua daftari langu ukalitia kwenye moto wa mama mkwe, maharage yakaivia hapo. Kisha ukahukumu kwamba nisiandike tena kosa la mtu yeyote wa nyumba ile, na kwamba kila jioni baada ya ugali mimi na mke wangu tukae bega kwa bega tutazame samaki. Ulisema, "Mtu anayetazama samaki hana nafasi ya kuhesabu." Kesho yake ukatuletea tangi la kioo, mawe, mashine ya kupulizia hewa na samaki uliowachagua kwa mkono wako, ukaapa kwamba wanapatana. Ulitoa na maelezo marefu ya nani akae na nani. Mimi nilikuwa nafuta kioo, sikuyasikia yote.

Mjomba, hawapatani hata kidogo.

Na sasa maji yamenifika shingoni. Jumanne Fainess amebeba mto wake, amevuka uani kwenda kulala kwa mama yake, na ameapa kwamba Jumamosi utaitwa uje unipe mkeka wangu niende zangu. Mimi ni mkwe wa kuhamia. Nyumba ni ya ukoo wenu, ua ni wa ukoo wenu, hata jogoo anayeniamsha ni wa ukoo wenu. Nikipewa mkeka sina pa kwenda ila Dowa kwa dada zangu, na huko waume zao wamejaa mpaka barazani. Sitaki kwenda Dowa. Namtaka mke wangu. Kwa hiyo nakuomba usome mashtaka haya kabla ya Jumamosi upate kujua mkosaji ni nani, maana si mimi.

1. Mshtakiwa wa kwanza ni yule dume wa bluu mwenye mistari myeusi, ambaye sisi nyumbani tunamwita Mwenyekiti. Tangu siku ya kwanza amelishika lile jiwe lenye uwazi chini yake kana kwamba lina hati na jina lake. Hakuna apitaye. Anafukuza wa manjano, anafukuza wa madoa, anafukuza kinyesi chake mwenyewe. Lakini anaowakalia kooni zaidi ni wale bluu wenzake watatu, wanaofanana naye kwa kila mstari. Mmoja sasa hana mkia, anakaa pembeni juu kabisa ya maji kama mtu aliyekosa kiti kwenye mkutano. Jambo hili limenishinda kulielewa. Mama mkwe na wenzake wa chama cha akina mama kanisani huvaa sare moja, na sijapata kuona mmoja akimng'ata mwenzake mapezi. Msibani tukishona kitenge kimoja tunakuwa kitu kimoja. Kwaya yetu ilipopata sare, hata wale wawili waliokuwa hawasalimiani walianza kuazimana viatu. Itakuwaje basi waliovaa nguo moja wauane? Huo si ujinga, ni roho mbaya. Na ukisema hukumbuki kutuletea bluu wanne, nitakuelewa, mjomba, una umri.

2. Mshtakiwa wa pili ni yule mkubwa wa madoa ya kahawia ambaye wavuvi humwita kaligono, yaani mlalaji. Mwanzoni nilimpenda kuliko wote kwa upole wake. Jumatano ya wiki iliyopita tukamkuta amelala ubavu mchangani, rangi imemharibika kama kitu kilichooza. Nikavua kofia. Mama mkwe, ambaye hana mchezo na misiba, akaja akaanza sala. Wale wadogo wa manjano wakasogea taratibu kumwangalia marehemu, kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu. Mama mkwe alipofika "amina" marehemu akafumbua mdomo akammeza mfiwa. Mjomba, hapa Malawi tumeona mengi, tumeona watu wakiiba sufuria za msibani, lakini maiti kula waliokuja kuzika? Mama mkwe mpaka leo haingii chumba kile. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kumsamehe samaki.

3. Mshtakiwa wa tatu ni jike mmoja wa manjano, kwa kosa la kudharau kikao. Siku kumi na nane hakula, mdomo ameufumba, mashavu yamevimba, amejibanza nyuma ya jiwe. Nilimtilia mchicha uliochemshwa, akaupa kisogo. Fainess alinieleza kwamba ana watoto mdomoni, ndivyo wanavyolea. Nikamwambia kila anayenyamaza mbele ya swali husema ana sababu. Tangu siku hiyo mke wangu naye ameiga. Nikimuuliza kitu anajaza mashavu hewa, anazungusha macho, anaendelea kupukuchua mahindi. Nikimuuliza mara ya pili, mama mkwe naye anajaza yake.

4. Wote kumi na wanne, isipokuwa yule aliyemezwa, nawashtaki kwa kukosa shukrani. Jumapili umeme ulikatika mchana na mashine ya hewa ikazima. Samaki wakapanda juu wakawa wanahema, hata Mwenyekiti. Nikachukua pampu ya baiskeli yangu, nikaifunga mpira mwembamba wa kunyonyea petroli uliooshwa kwa sabuni mara tatu, nikaanza kuwapulizia. Nilianza mpira wa redioni ulipokwisha nikaacha ugali ulipoiva. Malipo yangu yalikuwa nini? Mwenyekiti, alipopata nguvu kidogo, akaja akaung'ata ule mpira. Fainess alisimama mlangoni akinitazama muda mrefu, kisha akaingia ndani, nikasikia droo ya cherehani ikifunguliwa. Nilidhani anatafuta mkasi. Mikono yangu ilitetemeka mpaka Jumatatu, hakimu akaniuliza kama nimeanza pombe.

5. Sasa naingia kwenye tukio la Jumanne, ambalo utasikia likisimuliwa vibaya. Baada ya matukio hayo yote niliona haki haiwezi kutendeka bila kumbukumbu, nikafungua daftari. Ngoja, mjomba, usisimame. Hukumu yako ilikataza kuandika makosa ya watu wa nyumba ile. Samaki si mtu. Nilipofikisha mashtaka ya kutosha nilivaa shati jeupe na tai yangu ya bluu, nikasimama mbele ya tangi nikawasomea kwa sauti, maana mshtakiwa ana haki ya kujua anashtakiwa nini. Mwenyekiti alipoiona ile tai alivimba, akaanza kupigana na kioo. Nikamtaka atulie. Akazidi. Nikamtaka tena, kwa sauti ya juu kidogo. Nyuma yangu Fainess alikuwa ameketi chini anacheka mpaka machozi, na nakiri kwamba sijamwona akicheka hivyo tangu tulipooana.

Alipopata pumzi akasema, "Lyson, hata samaki unawafungulia jalada?" Akaomba alione daftari. Nami kwa ujinga nikampa, maana alikuwa bado anacheka na nilitaka aendelee. Akasoma namba moja, akacheka. Akasoma ya mlalaji, akacheka zaidi. Akafika namba 9, akaisoma mara mbili.

Akaniuliza, "Huyu aliyesimama mlangoni wakati mwenzake anahangaika na pampu, asimsaidie, ni samaki gani?"

Mjomba, namba 9 iliingia kwa bahati mbaya. Mkono umezoea. Nilimweleza hivyo. Safari hii hakujaza mashavu. Alilifunga daftari taratibu, akalirudisha mkononi mwangu kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni maji. Heri angenitukana. Kisha akachukua mto. Mama mkwe alimpokea mlangoni na kusema, kwa sauti ya kunifikia, "Huyu hata mbinguni atamwomba Petro kitambulisho kwanza."

6. Kwa hiyo nimetafakari, nimegundua chanzo cha yote. Ulipotuoza mimi na Fainess ulikaa wewe upande wa mke, na mjomba wangu upande wangu, mkabadilishana jogoo na mtetea mbele ya mashahidi, ndipo tukawa mke na mume. Je, samaki hawa walibadilishiwa kuku? Walishikwa mmoja huku, mwingine kule, wakatumbukizwa nyumba moja bila mjomba, bila shahidi, bila unyoya. Hawana ndoa. Hawana ukwe. Mwenyekiti anakaa kwenye jiwe la majike na hajahamia kwa utaratibu wowote. Utawatarajia waheshimiane kwa lipi? Nyumba isiyo halali ikiwekwa ndani ya nyumba halali huiharibu, na ndicho kilichonipata.

Kutokana na hayo naomba mambo yafuatayo. Kwamba Jumamosi uje na jogoo mmoja na mtetea mmoja, ufanye kikao cha samaki kama mshenga wao, maana uliyewachagua ni wewe. Kwamba kila dume atoe maelezo. Kwamba kaligono alipe mbuzi kwa familia ya aliyemezwa, na kama hana mbuzi, afukuzwe nchini. Kwamba Mwenyekiti apewe mkeka wake. Na ikithibitika kwamba aliyevuruga amani ya nyumba ni samaki wako, basi kwa sheria ya kawaida kabisa mkeka wangu mimi ubaki ulipo, na mto wa Fainess urudi ulipokuwa.

Nisalimie shangazi na miguu yake. Nisalimie jirani yako mwenye bata, namwomba radhi kwa ile barua yangu ya Novemba. Visalimie visu vyako vya samaki, nyavu zako, na sikio lako la kulia, Mungu akutunzie hilo.

Wako mtiifu katika ndoa, ambayo bado ipo,

Lyson Chidothi,
Karani.

Nyongeza: Mjomba, barua hii ilikuwa imekwisha na nimerudi nyumbani kutafuta bahasha. Nikafungua droo ya cherehani. Ndani kuna daftari lililofunikwa kwa kipande cha kitenge. Nimelisoma. Najua si vizuri, lakini nimelisoma lote, nimesimama.

Ni la Fainess. Lina namba na tarehe. Ameanza siku ya pili ya ndoa yetu, kabla yangu mimi. Namba 12: "Kasema chumvi nyingi, kisha kaongeza sahani." Namba 13: "Kajikwaa. Nimecheka. Na yeye alitaka kucheka, akalikumbuka daftari lake." Namba 58: "Kanunua samaki wanne ufukweni, bluu watatu na mlalaji, kawaficha kwenye ndoo ya kufulia. Anadhani sikumwona."

Hiyo ni kweli. Ulituletea kumi, mjomba, bluu mmoja tu kati yao, na hao kumi hawakuwahi kunikosea. Wengine nilinunua mimi. Wale watatu niliwachukua ili wafanane na mwenzao, nikiamini sare inaleta umoja. Yule mlalaji nilimchagua kwa sababu nilimkuta amelala. Sasa nayakumbuka na maelezo yako ya siku ile ya kufuta kioo: dume mmoja kwa kila nguo, na wanaofanana usiwaweke pamoja, ila mawe yakiwa mengi, kila mmoja awe na mlango wake wa kuingilia.

Ya mwisho ni namba 62, ya Jumanne: "Daftari tena. Safari hii nimeumia." Juu yake, namba 61, ya Jumapili: "Umeme umekatika. Kawapulizia samaki kwa pampu ya baiskeli tangu mpira ulipokwisha mpaka ugali ulipoiva. Mikono inamtetemeka. Hili si kosa. Nimeliandika tu."

Nimekaa kwenye kiti cha cherehani, mjomba, na nimelia, na Mwenyekiti ananitazama. Nafuta mashtaka yote. Hao wanne wangu nitawarudisha ziwani mwenyewe leo jioni, na daftari langu litaivisha maharage. Hapo uani namwona Fainess anapukuchua mahindi, ameyapa mgongo madirisha yetu. Natoka sasa hivi kwenda kumwambia kwamba nimelisoma lake.

Jumamosi njoo, ila kuku waache. Njoo na mawe, mengi. Na mkeka, kama ni lazima uje nao, uwe mpana wa kulala watu wawili.