Vitaa Vitatu Ndani ya Kikombe cha Spana

Nawaandikia wazazi wenzangu ambao watoto wenu wanaendesha magari ya zamani. Mimi shule niliishia darasa la saba, na injini naijua kwa nje tu. Lakini benchi langu la kahawa limeegemea ukuta wa gereji, kwa hiyo kila gari linalougua mtaa huu linatibiwa kwanza kwa mdomo hapa kwangu, kabla fundi hajashika kitu.

Jumatatu ile chanzo kilikuwa gazeti. Anayetusomea ni karani mstaafu, tunamwita Gazeti, maana akishafunguka humfungi. Alisoma kwamba kuanzia wiki hiyo, gari lolote litakalokutwa na taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi halitapita ukaguzi. Benchi zima likageuka kumtazama mwanangu.

Mwanangu wanamwita Gia. Ana gari moja la kupanda milima, limetoka kiwandani kabla yeye hajazaliwa, wamelibatiza jina la Kifaru. Jumamosi alikuwa na kazi ya kuwapeleka walimu sita kwenye shule iliyo juu mlimani. Barabara yenyewe ni ya mawe, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Na Kifaru alikuwa na taa nyekundu, ile yenye mchoro wa kopo la oili linalodondosha tone. Injini ikinguruma taratibu, taa inawaka. Gia akikanyaga mafuta, inazima.

"Hiyo taa ina kiherehere," alisema Diwani. Huyu amegombea udiwani mara tatu, akashindwa mara tatu, cheo tukampa sisi hapa benchini ili roho yake itulie. "Gari linatembea, moshi halitoi, sasa taa inalalamika nini? Ni kama wapiga kura wangu."

"Wapiga kura wapi?" Gazeti akamuuliza.

"Wale waliobaki nyumbani."

Gazeti akatoa somo refu, kwamba oili ni damu na pampu ya oili ni moyo, na huenda moyo wa Kifaru umechoka. Diwani akasema dawa ni oili nzito, iwe kama uji. Gazeti akasema hapana, nyepesi, ikimbie. Walibishana uzito wa oili mpaka kahawa ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kuchomoa ile stiki ya kupimia. Nikauliza mimi. Gia akaniambia amepima asubuhi, oili imefika alama ya juu. Nikasema kama imejaa chini, kwa nini haipandi juu? Diwani akanijibu kwa upole kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, niongeze sukari.

Ndipo akaja Spana, fundi wa gereji. Sifa yake ni moja: gari lililofungwa na yeye halivuji hata tone. Kila anapounga chuma na chuma kwenye injini hupaka ile gundi ya silikoni ya bluu kama mtu anayepaka siagi ya bure kwenye mkate. Alisikiliza mjadala wote, akauliza swali moja.

"Ukaguzi lini?"

"Kesho," Gia akasema.

"Dakika tano."

Akaingia ndani ya Kifaru na bisibisi, akatoka, akanywa kahawa, akaenda zake. Kesho yake Kifaru akapita ukaguzi. Mwanangu alisimulia kwamba mkaguzi hakufunua hata boneti. Alikaa kwenye usukani, akawasha, akaona dashibodi nyeusi tii, akagonga muhuri.

Hili nalisema kwa aibu, na ndilo lililonifanya niandike: nilifurahi. Niliona taa imezimika, nikadhani ugonjwa umepona. Niliwapa wote kahawa ya bure, mzunguko mzima, na Diwani akanishukuru kwa hotuba.

Ijumaa asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Spana ana kikombe chake kilichovunjika mkono, anawekea skrubu ndogo ndogo juu ya rafu yangu. Nikasema leo nacho kipate maji. Nilipokigeuza zikamwagika skrubu mbili na vitaa vitatu, kila kimoja ukubwa wa punje ya mahindi.

"Hivi vya nani?" nikauliza.

Diwani akatazama mawingu kama mtu anayesubiri mvua. Gazeti akafunua ukurasa wa michezo, ambao hausomi kabisa.

"Gia," nikasema. "Kimoja ni chako?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. "Spana alisema taa ndiyo mbovu, mama."

"Taa mbovu haiwaki, mwanangu. Yako ilikuwa inawaka."

Gazeti akakunja gazeti lake kabla ya kulimaliza, kitu ambacho sijawahi kuona tangu nimjue. Akanieleza polepole, kama anayeleta habari za msiba, kwamba oili isipofika juu vyuma vinasagana vikavu mpaka vinashikana. Injini ikikwama kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito, na breki inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe.

"Ulikuwa unalijua hilo tangu Jumatatu?"

"Nilikuwa nalijua."

"Na ukanyamaza."

"Mama Gia, ulikuwa umeshatupa kahawa ya bure."

Ufunguo wa Kifaru ulikuwa mezani, karibu na bakuli la sukari. Niliuchukua, nikafunua birika, nikautumbukiza ndani ya kahawa inayochemka.

"Dada," Diwani akasema, "hilo birika ni la wote."

"Ndiyo. Hakuna wa kunywa, na hakuna wa kuendesha. Niitieni Spana."

Spana alikuja akifuta mikono. Nilimwonyesha chujio langu la chai. Nikamwambia birika likianza kumimina chai nyembamba kama uzi, mimi sitafuti kikombe kingine, naangalia chujio. Je, hiyo injini ina chujio mahali oili inapoanzia safari? Akakiri kwamba lipo. Chini ya injini kuna beseni la chuma linaloshika oili, wanaliita sampu, na humo ndani, mdomoni mwa pampu, kuna wavu.

"Umewahi kuuangalia?"

"Uko chini sana, mama."

"Basi lala chini."

Alilala. Walimwaga oili yote, wakafungua boliti za sampu moja moja, na kazi ikafika adhuhuri. Wakati huo watu waliozoea vikombe vinne vinne walikuwa hawajaonja hata tone. Diwani alisema kichwa kinamgonga. Gazeti alisoma tangazo moja la viwanja mara tatu. Gia alikuwa amechuchumaa pembeni ya gurudumu, anapitisha spana, hanitazami.

Sampu ilipotoka, wote tukainama. Ule wavu ulikuwa umezibwa na mikanda ya bluu, laini, imejibana kama majani ya chai. Silikoni iliyozidi ilikuwa inakatika vipande kwa ndani, vinaogelea kwenye oili, vinavutwa na pampu mpaka mdomoni.

Spana alikivuta kipande kimoja, akakitazama juani. "Fundi aliyetangulia," alisema, "hakuwa na nidhamu na silikoni."

"Fundi aliyetangulia ni nani?" Gia akamuuliza.

Spana akafikiri. "Mimi."

"Angalau halivuji," Diwani akasema.

Wakasafisha wavu, wakakwangua sampu, wakafunga. Safari hii nilisimama juu ya Spana nikamwonyesha kwa kidole kiasi cha gundi cha kupaka. Wakatia oili mpya, taa wakairudisha mahali pake. Ufunguo nikauopoa na kijiko.

Gia akautia mahali pake, akaufungua hatua moja bila kuwasha injini. Taa nyekundu ikawaka.

"Bado," Diwani akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepoteza kahawa.

Spana akasema hapana, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ufunguo ukifunguliwa na injini bado imelala, taa ya oili lazima iwake. Injini ikishaamka, izime. Gia akawasha. Nikahesabu moja, mbili, na taa ikazima. Nilimwacha Kifaru aungurume taratibu hivyo hivyo kwa muda wa kuchemsha kahawa mpya, nimeinama dirishani, macho kwenye kile kidude. Hakikuwaka tena.

Kwa hiyo wazazi, msimuulize mtoto kama taa imezimika. Mwambieni afungue ufunguo mbele yenu kabla ya kuwasha. Isipowaka, muulizeni nani ameing'oa.

Wakati namimina kile kikombe cha kwanza, Diwani alimvuta Spana pembeni, akamnong'oneza, na Spana akamkabidhi kitaa kimoja kutoka kwenye rafu. Diwani akakitia mfukoni, akasema amekumbuka ana kikao. Kahawa hakuinywa, na gari lake aliliacha pale pale akaenda kwa miguu.

Kilibaki kimoja. Nikamuuliza Spana cha nani, akasema mteja tu.

Mteja alifika baada ya robo saa, mwanamume mwenye sare, muhuri unaning'inia kwenye mfuko wa shati. Gia alinikanyaga mguu kunijulisha kwamba ndiye aliyempitisha Kifaru. Yule bwana aliketi, akaagiza kahawa, akaitazama ile mikanda ya bluu iliyoanikwa juu ya ukurasa wa michezo. Aliuliza imetoka wapi, akaambiwa. Akamwinamia Spana.

"Fundi, ile ya kwangu bado unayo?"

Nikamtilia kahawa yake, imejaa. Lakini kabla sijampa kikombe, nikafunua birika.

"Ufunguo kwanza, mkaguzi."