Fahali Aliyelala kwa Dishon

"Ile fahali imelala kwa Dishon usiku wa pili. Hata sasa iko pale, inakula migomba ya mamake."

Fanuel alisema hivyo Jumapili asubuhi kabla hajaketi, na sisi wa benchi la Rispa muuza chai hapa Suna tukaweka vikombe chini. Kwa watu wengine hiyo si habari. Fahali ni mnyama, lazima alale mahali. Lakini Dishon alikuwa amesomea biashara ya kutwa. Unanunua ng'ombe sokoni asubuhi, unamuuza uwanja uleule kabla ya jioni, unarudi nyumbani na faida mfukoni. Ng'ombe akikufuata hadi kwako, umefeli.

Fanuel tunamwita Redio, maana hata betri ikiisha yeye anaendelea. Safari hii hakuhitaji kuongeza chumvi. Sote tulimgeukia Nicanor, ambaye kijiweni anaitwa Japuonj, yaani mwalimu. Alikuwa anapuliza chai iliyopoa zamani.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Mimi nilifundisha. Kusikia ni kazi ya masikio yake."

"Japuonj," Rispa alimwambia kutoka jikoni, "wewe unajua hii biashara yote, mbona kwako hakuna hata mbuzi?"

"Mama, refa anajua mpira yote, umewahi kuona akifunga bao?"

Tulicheka hadi benchi likalia. Mimi ni fundi wa baiskeli, na benchi lenyewe liko mbele ya kibanda changu, kwa hiyo shule ya Nicanor niliisikia yote bila kujiandikisha. Ada ilikuwa chai na mandazi kila asubuhi. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, Dishon, kijana mpole wa Kisabato aliyekuwa na shida moja kubwa iitwayo Orpah.

Orpah ni binti wa Mzee Onyancha, Mkisii aliyehamia huku zamani na kulima hadi mawe yakamwogopa. Mahari yalikuwa yamekwenda vizuri, ikabaki mitamba wawili, ng'ombe majike ambao hawajazaa bado, na Mzee akasema ikifika Jumapili hii bila mitamba hao, Orpah atapelekwa kwa shangazi yake Kisii, ambako kuna mwenye duka anayemuulizia. Dishon alikuwa ameweka akiba ya kutosha mtamba mmoja. Ndipo Nicanor akamwambia kwamba mtamba mmoja kwa mtu aliyesoma ni wawili, ila hajajijua bado.

Basi masomo yakaanza, tena bila pesa, kwa sababu Nicanor alisema mwanafunzi hukosea kwanza kwa mdomo ndipo aruhusiwe kukosea kwa mfuko. Walianza na jogoo wa Rispa. Dishon alimnunua jogoo huyo akiwa ameketi, akamuuza akiwa ameketi, akamnunua tena bei ikishuka. Jogoo alipita mikononi mwa matajiri wengi kwa siku moja na Rispa hakuonja hata senti. Ikaja zamu ya mandazi: ununue yakiwa moto, uyauze kabla hayajapoa, kwa sababu bidhaa ya kutwa hupoteza thamani kila dakika unayoitazama. Dishon aliyanunua vizuri sana. Halafu akala bidhaa.

"Siku ile ndio ningemfukuza shule," Rispa alisema.

"Hiyo ilikuwa njaa, si ujinga," Nicanor akajibu.

"Sasa tuambie ile ya viatu ilikuwa nini," Fanuel akadakia.

Hapo Nicanor alirudi kupuliza chai yake, na mimi nikaona raha, kwa sababu somo la viatu ndilo lililotuua. Nicanor alifundisha hivi: usimwangalie mnunuzi usoni hata kidogo. Uso unajua kudanganya. Angalia viatu, ndimo pesa zinamokaa. Na la pili: bei ya kwanza ni salamu tu, hakuna mtu anachukua salamu akaenda nayo nyumbani. Dishon aliyakariri yote mawili kama mstari wa moyoni wa shule ya Sabato.

Ijumaa, siku ya soko, alifika mapema akiwa amevaa kofia ya Fanuel, imeshuka hadi nyusi ili aonekane dalali. Kwa akiba yake yote alimnunua fahali mweusi kutoka kwa Matiko wa Kegonga, mnyama wa haki kabisa, kifua kama mlango wa kanisa. Nicanor alituamuru tukae ng'ambo ya uwanja juu ya ua, akisema siku ya mtihani mwalimu hasimami karibu na mtoto. Tukakaa kama kunguru.

Mchana kutwa watu walikuja, wakatoa bei, Dishon akawachukulia kama wanamsalimu. Tukaona jua linateremka, na hapa Suna kila mtu anajua kijana ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, hauuzi kitu, hata mungu mwenyewe wa biashara akija na gunia. Wanunuzi wajanja waliacha kumwangalia fahali, wakawa wanaangalia jua.

Kisha gumboti nyeusi zilisimama mbele ya Dishon, na juu ya gumboti hizo alikuwa Mzee Onyancha.

"Hapo ndio niliuma kofia," Fanuel alisema.

"Kofia alikuwa nayo Dishon," nikamkumbusha.

"Basi niliuma ya kwako."

Mtu wa mbali atauliza, kwani hawajuani? Hawajuani. Maneno ya mahari yanapelekwa na mshenga, na mshenga alikuwa Nicanor. Bwana harusi hukaa kwao kwa heshima. Dishon alikuwa amemwona Mzee mara moja tu, kwa mbali, kwenye makambi ya kanisa, kisogo chake. Na sasa alikuwa anaangalia gumboti kwa bidii yote ya mwanafunzi bora. Kwao na kwetu, kijana hashindani na baba mkwe juu ya bei. Hata kumkuta njiani unampisha. Tukipiga kelele, aibu inawaangukia wote wawili mbele ya soko zima. Tusipopiga kelele, Mungu anatuona.

Tulinyamaza. Wao wakashindana. Mzee Onyancha ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, kwa hiyo soko zima lilisikia. Alianza na mtamba mmoja. Dishon akaziambia gumboti kwamba mmoja ni salamu. Mzee akazunguka fahali, akamgusa mgongo, akarudi, akaangalia jua, kwa sababu na yeye ni Msabato, tena mzee wa kanisa. Mwishowe akasema kwa sauti iliyowafanya hata mbuzi wageuke:

"Kijana, nakupa mitamba mbili. Mbili zangu, zimeshiba. Sema ndiyo tumalize, jua linaenda."

Mitamba wawili. Wale wale. Tulishikana mikono juu ya ua, mimi nilikuwa nalia waziwazi. Na Dishon, akizitazama gumboti, akasema:

"Mzee, wacha nifikirie kidogo."

Jua likazama. Mzee akavua kofia, akasema, "Sabato njema," naye Dishon akajibu, "Sabato njema," kwa adabu nzuri sana, na kila mmoja akashika njia yake. Biashara iliyokuwa imeiva ilibaki pale kwenye vumbi.

Sasa ilikuwa Jumapili, Mzee anangoja mitamba wawili, na sisi tulikuwa na fahali mmoja na mwalimu mmoja. Rispa alisema afadhali Mzee angetaka walimu. Nicanor aliinuka, akafunga koti, akasema mshenga haogopi. Koti lenyewe alikuwa amelifunga kombo. Tukampitia Dishon, macho mekundu, amemshika fahali kamba. Hatukuthubutu kumwambia gumboti zile zilikuwa za nani, na tulipokaribia alimwomba Nicanor kitu kimoja.

"Japuonj, akikataa, usimwombe sana. Mwambie tu Orpah nilijaribu."

Tulimwacha Dishon nyuma ya ua wa mkonge, tukaingia na fahali. Nicanor alikuwa ameandaa hotuba ndefu ya kuomba muda, lakini hakuipata nafasi, maana Mzee Onyancha aliruka kutoka kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jina.

"Hii ndiyo ile fahali!" Akawaita ndugu zake watoke ndani, akawaita na majirani. "Niliwaambia. Hii ndiyo nilitoa mitamba mbili Ijumaa, ile dalali kichwa ngumu akakataa. Mbili, na haikuwa hasara. Mmeitoa wapi?"

Nicanor alimtazama fahali, akamtazama Mzee, akawatazama ndugu wote waliosikia. Nilimwona akikua palepale.

"Mzee," alisema polepole, "sisi tulibakiza mitamba wangapi?"

"Mbili."

"Na hii umesema ni sawa na ngapi?"

Halafu kutoka jikoni kikatoka kicheko cha mama yake Orpah, kikafuatwa na cha Orpah mwenyewe, na ndugu wa Mzee wakaanza kujipiga mapaja. Mzee alisimama katikati akitafuta njia ya kurudisha maneno yake mdomoni. Hakuipata, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mgongo wa fahali.

"Mahari imelipika," alisema. Nikamkumbatia Fanuel bila kukusudia. "Lakini hii dalali ni nani? Nataka kumjua."

Tukamwita. Dishon akaja, kofia mkononi, macho yako chini, na chini kule akazikuta gumboti anazozijua. Akarudi nyuma hatua mbili, akampisha. Mzee akainama kumtazama usoni, midomo ikaanza kumcheza.

"Kwa hivyo ni wewe. Ningejua Ijumaa ni mkwe, ningesema hii fahali ni kiwete, ndio uniongezee mtamba."

"Na yeye angejua ni wewe, Mzee," Fanuel alijibu, "angekuachia kamba akimbie, na hiyo fahali ungepata bure."