Kihariri Kinachomfaa Bingwa

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mwandishi wa msimbo hodari kuliko wote waliowahi kugusa kompyuta. Kompyuta zenyewe zinalijua hilo. Nikizikaribia hupata joto. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walianza kunionea haya. (Wao wanasema nilifeli. Wivu!)

Leo nimeanza kazi. Majaribio ya wiki moja. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la viatu: meza nne, feni moja yenye kikohozi. Nafasi aliniombea Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyenilea tangu sijui kupenga kamasi. Bosi ni rafiki yake wa shule. Asubuhi Mama Mkubwa amenipigia pasi shati akaniambia nisimtie aibu. Nikamjibu kwamba aibu na mimi hatujuani hata kwa sura.

Kazi niliyopewa: duka la dawa la mtaa wa pili linachapa lebo za dawa kwa programu yetu. Lebo zinakata maneno. Bosi alinionyesha moja: "Vijiko viwili kutwa mara tatu baada ya k". Basi. Baada ya kula? Kulala? Msichana wa meza ya dirishani, tunayemwita Chapuchapu kwa mwendo wa vidole vyake, akasema labda baada ya kufa. Bosi hakucheka. Alisema mfamasia humalizia kwa kalamu, lakini foleni ikirefuka kalamu husahau, na dawa si peremende. Nirekebishe kabla ya Ijumaa saa nne.

Halafu akanieleza Kuanika. Ndiyo desturi yao hapa. Kila Ijumaa mtu anaunganisha kompyuta yake na skrini kubwa ya ukutani, anawasomea wenzake kila mstari alioandika wiki hiyo, kama kuanika nguo za ndani mbele ya wakwe. Nikasema safi kabisa.

Lakini bingwa haokoti tu mkuki wowote njiani. Kwanza kihariri! Yaani ile programu ambamo mtu anaandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta. Viko vingi kama mchanga. Nikikosea kuchagua, nimekwisha. Leo nimesoma mabishano ya watu kuhusu vihariri kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Wanatukanana vibaya sana. Nimetishika. Sijafungua faili la lebo.

Jumanne, 4 Machi

Nimechagua! Kikubwa kuliko vyote. Nimekiita Ikulu. Kina vyumba ndani ya vyumba. Kinakumalizia neno kabla hujalifikiria. Mtu kama mimi anastahili Ikulu.

Nikakiongezea nyongeza. Moja ya kupaka maneno rangi. Moja ya kukagua makosa. Moja ya kuchora paka anayetembea chini ya skrini. Kufikia saa sita nyongeza arobaini na sita. Kompyuta ikaanza kunguruma. Paka akasimama mguu mmoja hewani, hakuushusha tena. Harufu ya plastiki. Chapuchapu akauliza kwa sauti ya juu kama bingwa anaandika au anakaanga.

Hapo ndipo Bosi akaja. Ana tabia mbaya ya kusimama nyuma ya mtu kimya kimya, unasikia kijiko tu kikizunguka kwenye kikombe. Ting. Ting. Akauliza nimefika wapi. Nikasema natayarisha mazingira. Akasema mazingira yanatoa moshi.

Nimeifuta Ikulu yote. Imechukua saa mbili kufutika.

Zimebaki siku tatu. Sijafungua faili la lebo. Ila sasa najua kisichonifaa, na hiyo ni nusu ya elimu.

Jumatano, 5 Machi

Nimehamia Pango. Kihariri cheusi, hakina picha, hakitaki kipanya. Wanaume wa kweli hutumia hiki. Niliingia saa tatu na robo nikiwa natabasamu.

Sikuweza kutoka.

Nikibonyeza herufi, haiandiki, inafuta. Nikibonyeza nyingine, inalia. Nikijaribu kukifunga, kinaniambia kitu kwa kimombo cha kijeshi. Kumuuliza Chapuchapu? Afadhali nimeze kipanya. Basi nikakaa. Nikakunja uso kama mtu anayewaza. Saa nne. Saa sita. Haja ndogo imenibana, lakini nikiinuka mtu ataona skrini. Saa nane. Jasho mgongoni. Bosi akapita na kijiko chake, akamwambia Chapuchapu atazame jinsi kijana anavyozama kazini. Nusura nilie.

Saa tisa nikaingia chini ya meza nikachomoa waya.

Ulikuwa waya wa meza zote nne.

Chapuchapu akapiga ukelele. Kazi yake ya tangu asubuhi, kwaheri. Nikasema kwa sauti ya huzuni kwamba umeme siku hizi hauaminiki. Aliyebaki kimya ni Kimya, mzee wa ofisi, anayeandika kwa vidole viwili na kusema maneno matatu kwa siku. Aliutazama waya niliokuwa bado nimeushika. Akatumia matatu ya leo: "Uchomeke tena, mwanangu."

Jioni nyumbani Mama Mkubwa katoka duka la dawa. Wamembadilishia dawa ya presha. Nikamtambia kwamba lebo hiyo sasa iko chini ya mamlaka yangu. Akafurahi, akaipeleka kwenye mwanga: "Kidonge kimoja asubuhi kimoja jioni. Usi". Akaniuliza usi nini.

Nilitazama pembeni ya lebo. Hakuna kalamu. Foleni ilikuwa ndefu.

Ningesemaje? Kwamba ndiyo kazi yangu, na sijaigusa? Akimpigia Bosi je? Nikamwambia ni "usisahau". Akasema hao watu wana adabu, kumkumbusha mtu mzima kwa upole hivyo. Akachukua kidonge kipya, akaweka juu yake kile cha zamani anachomeza kila jioni, akavishushia vyote kwa maji.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeamka na hofu imenikalia kifuani kama paka mnene. Kesho Kuanika. Mfamasia mwenyewe anakuja.

Nimejishusha nikamwuliza Kimya anatumia kihariri gani. Akanionyesha. Karatasi tupu! Hakina rangi, hakina chochote. Nikauliza kizuri ni kipi basi. Akasema chochote kinachohifadhi ulichoandika. Mafumbo ya wazee hayo. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa, nikaweka hicho hicho. Nimekiita Karatasi.

Tatizo: ni cheupe mno. Macho ya bingwa yanaumia. Nikatafuta rangi ya nyuma. Bluu ya usiku au kijani cha chupa? Nikaitisha kura ofisini. Kimya hakupiga kura. Chapuchapu akasema atapiga kura nikimwambia nimeandika mistari mingapi tangu Jumatatu. Nikamwambia kuhesabu mistari ni kazi ya makarani. Akasema, "Basi ni sifuri, bingwa." Akacheka hadi akashika meza. Mimi nilicheka pia, kwa woga.

Halafu aina ya herufi. Kuna zenye miguu na zisizo na miguu. Ilipofika saa kumi na moja nilikuwa nimechagua: kijani cha chupa, herufi zisizo na miguu, ukubwa kumi na nne. Inapendeza! Faili la lebo nitalifungua kesho asubuhi na mapema, akili ikiwa mbichi.

Nyumbani Mama Mkubwa ameketi na mkono kwenye paji. Anasema kichwa chepesi, labda jua. Kitu kikanichoma rohoni. Nikamwuliza kama ananywa dawa. Akasema hajasahau hata moja, zote, mpya na ya zamani, kama lebo inavyotaka. Nikasema vizuri. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika haya usiku, zahanati.

Nilichelewa. Kuanika kulikuwa kumeanza. Chapuchapu akaanika mistari mia mbili, pamoja na ile aliyoirudia baada ya "umeme". Zamu yangu. Nikaunganishwa. Ukuta mzima ukawa kijani cha chupa.

Tupu.

Nikaeleza. Nilieleza Ikulu, nikaeleza Pango, nikaeleza miguu ya herufi. Nadhani nilisema vizuri sana. Mfamasia akamgeukia Bosi akauliza kama huyu ndiye. Ting, kikasema kijiko. Bosi akaniambia, pole pole kama daktari wa meno, nifungue faili.

Nikalifungua kwa mara ya kwanza. Kimya akaja akaweka kidole cha kwanza kati ya viwili vyake kwenye mstari wa saba. Programu ilikuwa imeambiwa ichape herufi arobaini tu. Akafuta arobaini, akaandika mia moja na ishirini. Akahifadhi. Chai ya Bosi ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mfamasia akataka kuona. Akasema tujaribu na dawa iliyotoka sana wiki hii, hii mpya ya presha. Mashine ikakoroma, lebo ikatoka nzima. Akaisoma kwa sauti, ameridhika: "Kidonge kimoja asubuhi kimoja jioni. Usinywe pamoja na dawa yako ya zamani."

Sikuaga. Ngazi sizikumbuki. Nilikimbia mitaa minne na shati la pasi likatoka nje. Nilikuwa nasema maneno, sijui ni sala au ni matusi.

Mama Mkubwa alikuwa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, macho wazi, uso rangi ya majivu. Akaniuliza mbona ukuta unatembea. Nikamwita jirani yetu seremala, tukambeba hadi zahanati. Mkono wake ulikuwa baridi. Mimi, ambaye siogopi kitu, nilishindwa kumjibu muuguzi hata umri wa mgonjwa.

Presha ilishuka mno. Wamemlaza, wamemwekea maji. Muuguzi akauliza kwa ukali nani alimwambia achanganye dawa mbili. Mama Mkubwa akasema lebo.

Nikasema kweli, lebo hizi zina matatizo.

Jumatatu, 10 Machi

Habari njema tupu! Mama Mkubwa amerudi nyumbani, amekula, amenigombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Mfamasia na Bosi waliwapigia simu wote waliouziwa dawa ile. Sita. Isipokuwa Mama Mkubwa, wote mfamasia alikuwa amewamalizia kwa kalamu.

Na mimi? Shujaa! Bosi aliwaambia wote ofisini kwamba kijana alisikia lebo moja tu akatambua hatari, akakimbia kuokoa roho. Kwa hiyo kaniongezea wiki moja. Chapuchapu kanitazama muda mrefu, hakusema bingwa. Kimya hata yale matatu ya leo hakuyatumia.

Kazi mpya: lebo zichape pia tarehe ya dawa kuharibika. Ijumaa saa nne. Ni ndogo, lakini Karatasi sasa naona hakinifai. Kuna kingine kimetoka juzi, kinaandika herufi zenye kivuli. Kesho nakijaribu. Keshokutwa nakipa rangi. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, nitaifanya Ijumaa akili ikiwa mbichi.

Mama Mkubwa jioni amemwambia seremala kwamba lebo ndiyo ilimdanganya. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sahani mkononi. Seremala akanitazama, nami nikatikisa kichwa, nikasikitika pamoja nao.

Lebo ilinyamaza kwenye "Usi". Haikumwambia chochote zaidi. Nilimwambia mimi.