Zawadi Kubwa Kuliko ya Athol

Ijumaa, 1 Desemba

Joto. Nzi. Mti wa Krismasi umesimamishwa kwenye ukumbi wa mji, hapa Pellworth, na Athol Brennock tayari yumo gazetini. Ukurasa wa mbele! Amekumbatia paja la nguruwe la bahati nasibu ya Krismasi kama mtu aliyetwaa kombe. Chini wameandika: Mwokaji mwenye moyo wa dhahabu. Dhahabu! Mikate yake ina matundu ambayo panya angehamia na ukoo mzima.

Kila mwaka hivyo hivyo. Kwenye mti hutundikwa kadi. Kila kadi ni ya mtoto mmoja: wanaolelewa na watu baki, na wale ambao kwao mambo yamekaza. Jina hakuna. Umri tu, na anachotaka. Unachukua kadi, unatafuta zawadi, unaifunga kwa karatasi, unaiweka chini ya mti, unaenda zako. Hapo kwenye kwenda zako ndipo penye kasoro. Athol haendi zake. Athol anamngoja mpiga picha.

Mwaka huu zamu yangu. Mimi, Clarrie Boddington, fundi mstaafu wa pampu za maji, mwenye mtoto wa kulea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nipitwe na mwokaji? Nimemwambia mke wangu, Una. Akasema tenda wema nenda zako. Nikamjibu aliyetunga methali hiyo hakuwa na jirani kama Athol.

Jumapili, 3 Desemba

Mpango wa kwanza: chukua kadi zote. Kadi zikiisha, zawadi zote ni zangu! Nimeingia ukumbini watu wakiwa kanisani. Nimezichuma kama matunda, nikajaza kofia.

Una amezikuta mezani. Akauliza zawadi zote hizo nitazitoa wapi. Sikuwa nimefika huko. Akanirudisha nikazitundike. Na bahati yangu mnaijua: natundika kadi ya mwisho, Athol huyo mlangoni. Akauliza mbona nawaibia watoto kadi zao. Nikasema nazirudisha. Akasema ndivyo wasemavyo wote.

Kadi moja niliibakiza mfukoni. Msichana, miaka tisa, baiskeli ya bluu. Mwandiko naujua. Ni wa Tamsin wetu, huyo tunayemlea.

Una amenieleza. Tamsin kwanza aliandika kwamba anataka kukaa na mdogo wake, Levi. Bi Leanne, afisa ustawi wake, akamwambia kwa upole achague kitu kinachofungika kwa karatasi. Mtoto akafikiri sana. Kisha akaandika baiskeli.

Una alikuwa anakata vitunguu akinieleza hayo. Alisema ni vitunguu.

Jumatano, 6 Desemba

Mpango wa pili: bahati nasibu ya paja la nguruwe, kubwa kuliko la Athol, mapato yote kwa watoto. Nimelihifadhi kwenye friji ya bandani. Friji ya bandani imekufa. Imekufa lini, Mungu anajua. Nilipofungua mlango nzi walitoka, hawakuingia. Nimelizika nyuma ya matangi. Mbwa wa jirani amelifukua.

Jioni Athol ameleta paja jingine, na tabasamu. Nimelipokea nimeuma meno, bahati nasibu nimeiacha.

Jambo lingine. Tamsin amemleta rafiki wa shule, Imogen. Walikaa barazani na vinywaji vya ndimu, nami nikawa naangalia bomba karibu na dirisha. Tamsin anamwambia Imogen kwamba Una ni shangazi yake. Kwamba mama na baba wako migodini, mbali huko magharibi. Kwamba Levi yuko kwa bibi. Kila kitu kwa utulivu, kama mtu anayesoma.

Hana bibi. Alifika kwetu Machi, nguo zake zimo kwenye mfuko mweusi wa taka. Levi alipelekwa kwa mama mmoja wa Korrabin, saa nzima kwa gari. Kwetu nafasi ilikuwa ya mmoja. Chumba cha pili kina pampu zangu. Pampu nzuri, zitauzika. Nilisema nitakisafisha Pasaka ikipita, lakini mambo hayaishi.

Una ameniomba nisimwumbue. Nimeapa. Mdomo wangu kaburi.

Jumamosi, 9 Desemba

Baiskeli! Nimeipata jalalani. Nimenyoosha rimu, nimebadilisha mnyororo, nimepaka rangi ya bluu mara mbili. Nimeweka na kengele. Athol na mapaja yake ataona.

Tamsin karibu anifume. Nimeitupia turubai na kusema nakarabati pampu. Alikuwa ameniletea chai, akakaa juu ya ndoo. Si msemaji, lakini leo alisema. Levi ana miaka sita. Anaogopa radi. Halali mpaka mtu amtajie majina ya mbwa wote wa mtaa wao wa zamani, mmoja mmoja. Akauliza je, huyo mama wa Korrabin anayajua? Nikasema nadhani atakuwa amemwuliza.

Akatikisa kichwa. "Levi haulizwi akajibu, Anko. Inabidi uwe unajua."

Kisha akauliza kama mtu anaweza kufika Korrabin kwa baiskeli. Nikasema mtu mwenye miguu mizuri anafika popote. Ni kweli. Mtoto lazima atiwe moyo.

Jumanne, 12 Desemba

Nimepanga mambo na kamati. Jumamosi ni sherehe ya kutoa zawadi. Nimewaambia nitasema maneno mawili. Athol hupewa maneno mawili kila mwaka na huyatumia kama mia. Gazeti litakuwepo. Nimenunua tai.

Una ameuliza nitasema nini. Nikasema shukrani tu.

Jumamosi, 16 Desemba

Ushindi!

Nitaandika kwa utaratibu. Ukumbi umejaa. Soseji, keki za nazi, watoto wanakimbizana chini ya meza. Athol akasema yake, watu wakapiga makofi ya kawaida. Kisha mimi. Nikashika maiki. Nikasema watu wanatoa vitu, mimi na mke wangu tumetoa nyumba. (Nzuri hiyo! Ilinijia papo hapo.) Nikasema tunaye mtoto asiye na mama wala baba wa kumtunza, aliyefika kwetu na mfuko wa taka tu mkononi, naye ni Tamsin, haya Tamsin, njoo mbele mama! Nikavuta turubai. Baiskeli ikang'aa.

Ukumbi kimya. Nikajua nimewagusa.

Tamsin akaja. Alitembea taratibu sana. Imogen alikuwa mstari wa mbele na keki mkononi, hakuila. Tamsin akanipa mkono na kusema, "Asante sana, bwana."

Bwana! Baada ya miezi yote hii ya Anko.

Mpiga picha hakupiga. Akaninong'oneza kwamba sheria haimruhusu kumwonyesha mtoto wa kulea gazetini, na mimi mlezi nilipaswa kujua. Urasimu! Hata Athol hakunitania. Akaenda kumchukulia Una kiti.

Una amelala mapema, uso ukutani. Uchovu wa sherehe, nadhani.

Jumapili, 17 Desemba

Si uchovu.

Asubuhi mama yake Imogen amekuja. Mtu mwema. Ameacha nguo ambazo hazimtoshi Imogen tena, za yule maskini, alisema. Ameziweka kwenye mfuko mweusi wa taka. Hakuwa na nia mbaya, mifuko hiyo iko kila nyumba. Tamsin ndiye aliyefungua mlango.

Nimemkuta ameketi ngazini na mfuko miguuni. Nikasema nguo nzuri hizo. Hakugeuka.

"Anko, wewe ulijua niliwaambia nini."

Nikasema mimi nimesema ukweli tu, na ukweli hauna haya.

"Ukweli wenyewe ni wangu," akasema. "Si wako."

Nimekwenda bandani. Nimepanga spana kwa ukubwa, kisha nimezipanga tena.

Jumatatu, 18 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Una alikwenda kumwamsha Tamsin, kitanda kimetandikwa. Baiskeli haipo. Redio ilisema joto litapita digrii arobaini. Una akapiga simu polisi, mimi nikaingia kwenye pikapu. Nikaenda shuleni. Nikaenda mtoni. Nikamwita kando ya maji mpaka sauti ikakauka. Korrabin haikunijia kichwani kabisa. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, na haikunijia.

Ilimjia Athol. Alikuwa anapeleka mikate, akasikia, akamwuliza Una: mtoto ana ndugu wapi? Basi. Akaiacha mikate juani na kushika barabara kuu, ile ya malori ya ngano. Amemkuta nje kabisa ya mji, kwenye maghala ya nafaka, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mnyororo ulikuwa umekatika. Mnyororo niliouweka mimi. Chupa ya maji tupu. Midomo imepasuka. Alikuwa anaisukuma baiskeli tangu ulipokatika, Athol anasema, na alipoona gari alijaribu kukimbia lakini miguu ilikataa.

Athol anasema hakulia. Aliuliza tu kama Korrabin bado mbali.

Wamemtia dripu hospitali. Atapona. Una amekaa naye ameshika mguu wake, kwa sababu mkono ulikuwa na sindano. Mimi nimesimama kwenye korido na Athol. Nikamwambia hongera, sasa atapata ukurasa wa mbele tena.

"Clarrie," akasema, "nenda ukakae na watu wako, ndugu yangu. Nenda tu."

Jumatano, 20 Desemba

Bi Leanne amekuja. Alikunywa chai, akasema mengi kwa sauti ya chini. Yule mama wa Korrabin, Bi Verity, amekubali kumpokea Tamsin pia. Ameongeza kitanda kwenye chumba cha Levi. Wawili watakuwa pamoja Krismasi. Tamsin, tayari yuko nyumbani, akasikia. Hakuruka wala hakushangilia. Alipumua tu, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo kichwani.

Nikasema hapana, ngoja, wote wawili wakae hapa. Chumba cha pili nitakisafisha. Leo. Sasa hivi!

Bi Leanne akafunga mkoba wake. "Ulisema hivyo Machi, mzee," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Una hakunitazama mimi. Aliutazama mlango wa chumba kile. Halafu akainuka, akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nimekisafisha hata hivyo. Mchana kutwa natoa pampu. Nyingine zimeliwa na kutu, nusu yazo si za kuuzwa hata kwa chuma chakavu. Kumbe kina dirisha zuri. Linatazama mikalitusi. Nilikuwa nimesahau.

Ijumaa, 22 Desemba

Ameondoka. Una amemfungia nguo kwenye sanduku lake mwenyewe, lile jekundu la fungate yetu. Zimekunjwa moja moja. Juu kabisa ameweka gauni jipya aliloshona bila kuniambia. Tamsin akamkumbatia Una mpaka Bi Leanne akaenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Nimeifunga baiskeli juu ya gari. Mnyororo mpya, wa dukani. Tamsin akanijia. Nilikuwa na hotuba nzima, ilipotea. Nikasema tia mnyororo mafuta kila wiki. Akasema sawa. Kisha akanishika mkono wa shati, kidogo hivi, kwa vidole viwili.

"Mkija, Anko, mje tu kimya kimya," akasema. "Kama watu."

Gari likapinda kwenye duka la mikate. Una alibaki amesimama barabarani na jua lote lile. Nikamwambia aingie ndani. Akasema anakuja. Hakuja.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Una ametandika meza, akahesabu, akaondoa sahani moja. Tumekula nyama ya nguruwe aliyotuletea Athol. Ni nzuri, sitasema kwingine.

Mchana simu imelia. Tamsin! Aliongea na Una muda mrefu. Levi anapenda gauni. Levi analala. Kulikuwa na radi juzi, Tamsin akamtajia majina ya mbwa wote, na alipofika wa mwisho Levi alikuwa ameshasinzia. Tumealikwa Korrabin mwaka mpya, chakula cha mchana. Sisi wawili tu, amesema. Bi Verity atapika.

Una alikata simu, akafunika uso kwa aproni, akalia waziwazi kwa mara ya kwanza. Nimeketi karibu naye. Nilikuwa nafikiri.

Jumatano, 27 Desemba

Nimepata wazo.

Mtoto anatarajia tufike na pikapu, kama watu wowote. Kweli aliomba kimya kimya, lakini watoto husema hivyo kwa adabu. Fikiria sasa: gari la zimamoto! Taa zote! Mimi juu, nguo za Baba Krismasi, natupa peremende mtaa mzima, majirani wote wanatoka, wanajua kwamba watoto hawa wawili wana watu! Mkuu wa zimamoto amekataa, anasema ni msimu wa moto wa msituni na gari si la harusi. Nitamwona naibu wake. Alikuwa akinunua pampu kwangu.

Una asijue. Athol asijue kabisa. Ni siri yangu peke yangu.

Nimemwambia mtu wa gazeti tu.