Propela Isiyoshika Kutu

Ilitangazwa rasmi kwamba Taifa limeshinda kutu. Ushindi huo ulipatikana Lushoto, ambako bahari haionekani hata kwa darubini. Kituo cha Mipako ya Vyombo vya Baharini kilijengwa mlimani makusudi, ili chumvi isiharibu samani za ofisi.

Injinia Idrisa alikuwa Kaimu Mkuu wa Kituo kwa mwaka wa saba, na alishaanza kujicheka mwenyewe kwenye kioo. Leo Mkurugenzi Mkuu alikuwa anakuja kuzindua propela ya boti iliyopakwa kaboni, nyeusi tii, iliyokaa miezi minane ndani ya pipa la maji ya bahari kutoka Tanga bila doa la kutu. Kuhusu kuchakaa, ripoti ilisema mpako huo ungedumu miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kuisugua; mpango kazi haukuwa na kipengele cha kusugua. Bosi akiridhika, ukaimu kwisha.

Asubuhi Idrisa aliingia maabara. Propela ilikuwa nyeupe pe, kaboni yote imetoka.

"Shikamoo, Mama Hamida. Nani kaigusa hii?"

"Marahaba, baba. Mimi," akajibu mfanya usafi. "Wageni wanakuja, na chombo kimejaa masizi! Nimekisugua kwa majivu na mchanga."

"Kwa muda gani?"

"Hata chai haijachemka."

Idrisa alitaka kusema ukweli, wallahi alitaka. Kisha akasikia gari la Mkurugenzi likipiga honi getini.

Mkurugenzi aliitazama propela, akageukia kamera. "Mnaona inavyong'aa? Hiyo ndiyo kaboni! Kuanzia sasa huyu si kaimu, ni Mkuu kamili!"

Makofi yakalia. Idrisa alipiga kuliko wote, aibu imemjaa na furaha pia.

"Hata saa yangu ilipakwa hapa," Mkurugenzi akaendelea, akaivua saa yake nyeusi na kumgeukia Hamida aliyesimama pembeni na ndoo yake. "Mama, una cha kusugulia?"

"Majivu, baba."

"Sugua, wananchi waone isivyochakaa!"

Idrisa akakohoa. Akakohoa tena. Hamida alisugua kwa adabu zote, akairudisha saa nyeupe kama kijiko, mbele ya kamera tatu.

"Sasa imetakata," akasema.

Mkurugenzi aliigeuza saa mara mbili, jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Nani," akanguruma, "aliyempa mtu huyu ukuu wa Kituo?"

Idrisa, Mkuu kamili wa dakika tano, alisimama wima.

"Ni wewe, Mheshimiwa."