Sikuomba Ishara ya Kochi

Jumatatu, 4 Machi

Dada yetu mkubwa amepiga simu kabla sijanywa chai. Habari mbaya. Au nzuri, sijaamua. Mdogo wangu anahama. Jumamosi ya wiki ijayo anapakia mashine, mke na watoto, anahamia mji mwingine. Amepata kazi ya kushona viti vya hoteli nzima. Hoteli nzima! Mtu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika nyundo.

Dada akasema nivuke barabara nikaongee naye kabla hajaondoka. Si safari ndefu. Karakana yake ya makochi inatazamana na yangu. Nikipiga chafya anasikia. Nikamjibu dada kwamba mimi ni mtu niliyeokoka, sifanyi jambo bila kwanza kujua mapenzi ya Mungu.  Akauliza utaratibu huo nimeuanza lini, maana siku ile nilipomtukana mdogo wangu mbele ya mteja hakumbuki kama niliomba nafasi ya kusali.

Sikumtukana. Nilisema bado ni mwanafunzi. Sawa, ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini mshono ulikuwa umepinda. Akafungasha vifaa vyake jioni ile ile, akafungua kwake ng'ambo. Tangu hapo tunachuniana. Mwaka wa pili sasa.

Basi, nitamwuliza Mungu. Kwa utulivu, bila pupa. Na Mungu akichelewa kujibu mpaka lori liondoke, hilo nalo litakuwa jibu, na hakuna atakayesema mimi nilikataa.

Jumanne, 5 Machi

Kuna mtu katika Maandiko aliyetandika ngozi ya kondoo nje, akapima umande apate kujua Mungu anataka nini. Mimi ngozi ya kondoo sina. Nina ngozi ya bandia, rangi ya maziwa, iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno. Itafaa. Mungu haangalii bei ya kitambaa.

Nimeitandika mbele ya karakana wakati wa kufunga. Makubaliano: asubuhi ikiwa imelowa, navuka barabara. Ikiwa kavu, sivuki. Nimeiweka chini ya ukingo wa bati, mahali ambapo umande haufiki. Si ujanja. Mungu akitaka ufike, utafika.

Chakula cha jioni: mkate. Zamani shemeji, mke wa mdogo wangu, alikuwa akinitumia chakula tangu mke wangu alipofariki. Siku hizi natumiwa na mwenye duka, tena baada ya kulipa.

Jumatano, 6 Machi

Ngozi haipo! Roho iliniruka. Nikazunguka karakana, nikachungulia kwenye mtaro, nikamshuku muuza magazeti. Kumbe iko kwenye ngazi ya mlango wangu, imekunjwa kona kwa kona, kwa namna ile ile ninayokunja mimi.

Muuza magazeti, ambaye nilishamtazama vibaya, akaeleza. Mdogo wangu aliiona jana jioni, akadhani nimeisahau, akaingiza kwake isije ikaibwa. Alfajiri akairudisha.

Ni kavu. Lakini imelala ndani, kwa hiyo ukavu wake hauna maana. Jaribio limeharibika. Huyu mtu hata Mungu hampi nafasi ya kufanya kazi yake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadili mbinu. Nikijua mdogo wangu ananisema vipi, nitajua kama Mungu amemlainisha moyo. Nimemtuma Suti. Suti ni mzee wa kanisa letu, hajawahi kuonekana bila suti hata wakati wa kuchimba msingi wa kanisa. Nikampa maelekezo: aingie kama mteja, aulize bei, alitaje jina langu kama vile limemponyoka, kisha anyamaze asikilize.

Alikaa kule muda mrefu mno. Niliwaona kupitia dirisha. Walicheka. Shemeji alileta sahani. Walicheka tena.

Suti alirudi akifuta mdomo. Nikauliza mdogo wangu kanisema nini. Akasema ameuliza kama mgongo wangu bado unanisumbua, na kama nimepata mtu wa kunisaidia kubeba. Nikauliza baya gani alilosema. Akasema hakuna. Nikamwambia afikirie vizuri. Akafikiria, akasema kweli hakuna. Halafu, huku akitazama viatu vyake, akakiri kwamba ameagiza viti vinne kule.

Viti vinne. Na mimi ndiye niliyemtuma.

Nimefanya kazi mpaka jioni nikiwa nimeligeuzia dirisha kisogo. Uzuri wa kukaa hivyo ni kwamba huoni kitu. Ubaya ni kwamba unasikia. Watoto wake walikuwa wanarukaruka juu ya sponji mpya, na baba yao hakuwafukuza. Zamani walikuwa wanarukia sponji zangu. Nilikuwa nawafukuza.

Jumapili, 10 Machi

Leo niliweka ishara isiyochezewa na mtu. Nilimwambia Mungu: kama unataka nikaongee na mdogo wangu, basi mahubiri ya leo yawe mafupi. Kwa wasiomjua mchungaji wetu, hii ni sawa na kuomba mto upande mlima. Mchungaji akisema "kwa kumalizia," akina mama huwatandikia watoto kanga wakalala upya. Nilikwenda kanisani moyo mweupe.

Mchungaji alipanda madhabahuni akiwa amefunga shingo kwa skafu. Sauti imekauka. Alinong'ona kwenye kipaza sauti kwamba wengi humfuata ofisini kumwuliza Mungu anataka wafanye nini, naye huwajibu kwamba Mungu huanza na lile jambo ambalo mtu analijua tayari, ila hataki kulifanya. Akakohoa. Akakaa.

Kanisa zima lilibaki limeduwaa. Kwaya haikuwa tayari. Suti aligeuka akanitazama, sijui kwa nini.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Mafua ni ugonjwa. Kuna dawa zake dukani. Mungu hawezi kumtesa mtumishi wake koo kwa sababu ya ugomvi wa mafundi wawili wa makochi. Kwa hiyo mahubiri hayakuwa mafupi; yalikatizwa. Ni vitu viwili tofauti.

Baada ya ibada mtoto mdogo wa mdogo wangu alinipungia mkono kutoka kwenye benchi lao. Nilijifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya aibu. Naandika haraka ili niisahau.

Kochi la watu watatu la mama wa duka la dawa lilitakiwa leo. Kulitoa karakana ni kazi ya watu wawili. Mlango ni mwembamba na una kona. Sikuwa na mtu wa pili. Nikapanga kutumia akili. Nilisimamishe wima, nilizungushe taratibu, nilisukume kwa bega.

Lilizunguka nusu, likakwama. Miguu yake nje, mimi ndani. Nikivuta haliji, nikisukuma haliendi. Mlango mwingine hakuna. Dirisha lina nondo. Nikaita msaada, kwa sauti ya chini ili ng'ambo wasisikie.

Watu walikusanyika. Kila aliyepita alitoa ushauri, hakuna aliyetoa mkono. Mmoja alishauri nikate miguu ya kochi. Mwingine akauliza kama nina chakula cha kutosha huko ndani. Mgongo ulianza kuwaka. Nikakaa chini, juu ya mabaki ya sponji, nikawasikiliza wakinicheka, na nilijikuta nawaza kwamba ningeanguka humu siku isiyo na kochi mlangoni, nani angejua?

Ndipo nikasikia kandambili. Mdogo wangu huburuta mguu wa kushoto tangu utotoni. Hakusalimu. Vidole vyake vikatokea chini ya kochi, upande wa pili.

"Inua kwako," akasema.

Nikainua.

"Laza kidogo. Sasa njoo nalo."

Likatoka kama uzi kwenye tundu la sindano. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu aondoke karakana, na nitakuwa mkweli kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilitamani mlango uwe mrefu zaidi. Tulilibeba mpaka kwenye mkokoteni. Akapitisha kiganja kwenye mshono wa mbele, ambao, kwa sababu ya mwanga hafifu, umepinda kidogo. Akauona. Najua aliuona.  Akajifuta mikono kwenye suruali, akavuka, akaenda zake.

Sasa jambo lenyewe. Asubuhi nilikuwa nimemwomba Mungu ndege mweupe atue juu ya paa la mdogo wangu. Nimekodoa macho siku nzima. Hakuna ndege. Sikuomba ishara ya kochi. Mtu akianza kuhesabu kila kitu kinachotokea kuwa ni ishara, atachanganyikiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Kesho wanaondoka. Dada amepiga simu mara mbili. Sikupokea, nilikuwa nafunga na kuomba, na mtu aliyefunga hapaswi kugombezwa.

Mchana nikapata mpango safi. Kuna mkasi wake aliuacha kwangu siku ile. Nitampelekea. Nitauweka mezani. Yeye atalazimika kusema ahsante, na kutoka kwenye ahsante mpaka kwenye samahani ni hatua moja, ataivuka mwenyewe. Huko si kwenda kuongea naye, ni kurudisha mali ya watu, jambo ambalo halihitaji ishara.

Nikavuka. Karakana yake imebaki kuta. Mashine imefungwa blanketi. Nikauweka mkasi mezani, nikakaa kimya kama nilivyopanga.

Akaugeuza, akautazama. Akasema ule ni wangu mimi. Wake huu hapa. Kweli, wake alikuwa ameushika mkononi. Mpango ukaishia hapo.

Shemeji akaleta chai, akaulizia mgongo wangu, akatoka. Tukanywa. Nikatazama blanketi, naye akatazama blanketi.

"Kaka," akasema, "viti vya hoteli ni vingi kuliko mikono yangu. Nyumba tuliyopata ina chumba cha uani. Twende."

 Nikamwambia nitamwuliza Mungu.

"Mwulize," akasema. "Mimi nilishamwuliza. Akaniambia nikuulize wewe."

Neno lilikuwepo. Lilifika kwenye ncha ya ulimi, niliusikia uzito wake. Ni neno moja tu, hata mtoto analisema akimwaga maji. Nikafungua mdomo, nikamwambia mashine ya kushona husafirishwa ikiwa imelazwa, si imesimama, vinginevyo itapinda mhimili.



"Sawa, kaka," akasema. Akainuka, akailaza.

Jumamosi, 16 Machi

Lori lilikuja mapema. Nilikuwa karakana, nimeacha mlango wazi kidogo. Nimepiga magoti nyuma ya kochi la daktari wa meno, ambalo limerudi kwa sababu springi zimetoka.

Nilimwambia Mungu hivi: lori likipiga honi, ninatoka nje, namwambia neno lile, na pengine napanda. Begi lilikuwa tayari. Ndiyo, nililifungasha jana. Hakuna ubaya mtu kuwa tayari.

Lori likapiga honi.

Sasa, honi hupigwa kwa sababu nyingi. Huenda kuna mbuzi barabarani. Nikasema: Bwana, ya pili, ili nisiwe na shaka.

Likapiga ya pili. Ndefu. Nikasikia kandambili zikija, zikasimama mlangoni kwangu. Hakubisha. Nilishika pumzi. Nilikuwa ninangoja ajue niko wapi, na yeye nadhani alikuwa anangoja nijitokeze. Zikarudi, mguu wa kushoto ukiburutwa.

Nikasema: Bwana, ya tatu, na sitauliza tena.

Kimya. Kisha gia, kisha lori likaondoka. Nilipotoka nje, begi mkononi, palikuwa na vumbi na muuza magazeti. Akaniuliza ninasafiri kwenda wapi. Nikamwambia naenda kutupa taka.

Jumatano, 20 Machi

Nimepata mwanga! Nashangaa sikuona mapema. Mungu hakutaka niende. Angetaka, angepiga honi ya tatu. Alichotaka ni kunipanulia mipaka. Karakana ya ng'ambo iko tupu, mwenye nyumba anatafuta mpangaji, na mimi niko hapa hapa. Nimeichukua leo. Sasa nina karakana mbili, moja kila upande wa barabara. Suti alipita, nikamweleza jinsi Bwana alivyoniongoza. Aliniambia viti vyake vinne mdogo wangu alivimaliza kabla ya kuondoka, tena vimenyooka. Sikumwuliza hilo.

Mchana nimehamishia ng'ambo meza na stapla ya kubania vitambaa. Halafu nikahitaji stapla huku. Nikikaa huku, natazama kule hakuna mtu. Nikikaa kule, natazama huku hakuna mtu.

Mdogo wangu ametuma ujumbe kwamba wamefika salama, chumba cha uani kina dirisha la upande wa jua, na watoto wanamwulizia baba mkubwa. Nimeusoma mara kadhaa. Kumjibu au kutomjibu, hilo si jambo la kukurupukia. Nimemwomba Mungu anipe ishara. Safari hii sitakubali honi wala mafua. Nimemwambia mvua inyeshe kwenye karakana ile, hii ibaki kavu.